Mumunye la Uani na Uchungu Wake

Mara nyingi tumewahimiza mlime mboga nyumbani, hata kwa wale wanaokaa Buguruni, ambako ua ni wa hatua nne na nusu yake imechukuliwa na kamba ya nguo. Leo tunarudia kuwahimiza, lakini pamoja na onyo moja ambalo tulipaswa kulitoa tangu mwanzo, na kuchelewa huko ni kosa letu.

Mama mmoja wa Buguruni alituletea watoto wake wawili usiku, wanatapika na kuharisha, na yeye mwenyewe ameshika tumbo. Mtu wa Dar es Salaam akiona hali hiyo huwaza kipindupindu, nasi tuliwaza hivyo hivyo, maana hatujasahau mlipuko ulioanza Agosti 2015. Tuliwatenga, tukawaanzishia maji ya chumvichumvi, mdogo tukamtundikia dripu. Ndipo tukauliza walikula nini. Mumunye. La wapi? La uani. Lilikuwaje?

"Lilikuwa chungu, Sista. Lakini bibi yao alisema kichungu ni dawa, nikazidisha nazi."

Bibi mwenyewe alikula vijiko viwili tu na akalala salama. Watoto walikuwa na njaa, wakamaliza sahani. Kipindupindu hakikuonekana katika vipimo, na kesho yake jioni watoto walikuwa wanaomba uji. Mmea ule, tulipozidi kuuliza, haukupandwa na mtu. Uliota wenyewe penye takataka za jikoni, na kwa kuwa ulizaa vizuri hakuna aliyeona sababu ya kuung'oa.

Inafaa kila mpishi alielewe jambo hili. Mumunye, boga, tango, tikiti na zukini ni ndugu wa ukoo mmoja, na ukoo huo una sumu yake ya asili, ambayo wataalamu huiita kukabitasini. Ni chungu sana, na mmea huitumia kujikinga na wadudu na wanyama. Kwa vizazi vingi wakulima wamechagua mbegu za matunda yasiyo na uchungu, ndiyo maana mamumunye tunayonunua Soko la Buguruni au Kariakoo hayatudhuru. Lakini uchungu unaweza kurudi. Nyuki akitoa chavua kwenye ua la jamaa wa porini, au la vibuyu vya mapambo, akaipeleka kwenye ua la mmea wa spishi hiyo hiyo, tunda la mwaka huu litakuwa tamu kama kawaida. Mbegu zake ndizo zitakazozaa machungu mwakani. Ukame na jua kali navyo huongeza uchungu.

Kuchemsha hakuondoi sumu hii. Nazi, chumvi na sukari haviiondoi pia. Vinaificha ulimi tu. Mwaka 2015 huko Heidenheim, Ujerumani, mzee wa miaka 79 alifariki baada ya kula zukini za bustani ya nyumbani zilizokuwa chungu. Wahenga walisema mumunye huharibikia ukubwani, wakiwa na watoto wao mawazoni. Hili letu lilikuwa limeharibika tangu mbegu.

Basi anayetaka kulima na aanze na mbegu ya kueleweka, ya pakiti, kutoka duka la pembejeo. Mmumunye wa kawaida hutambaa na kutaka nafasi au chanja ya kupandia. Kwa ua mdogo sisi tunapendelea zukini ya mviringo, ile inayofanana na mumunye changa, kwa sababu aina nyingi zake hukaa kichaka mahali pamoja. Kiroba kimoja cha kilo 50 kinatosha mmea mmoja. Kitoboe chini, ujaze udongo sehemu mbili na samadi iliyooza vizuri sehemu moja. Choma mbegu mbili, kina cha sentimeta 2 au 3, na zikishaota uache mche mmoja ulio na nguvu.

Udongo usichukue penye gereji wala mahali palipovunjwa betri za magari, na usichote bonde la Msimbazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 juu ya mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi ulikuta ndani yake madini mazito kama risasi na kadmi. Madini hayo hayaoshwi kwa maji ya bomba, kwa kuwa yameingia ndani ya jani lenyewe. Maji ya mfereji wa barabarani nayo usiyamwagilie. Maji uliyooshea mchele au mchicha yanafaa kabisa.

Kiroba kiwekwe panapopata jua saa sita kwa siku. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, bila kulowesha majani, maana majani mabichi hualika ukungu. Ukiona unga mweupe juu ya jani, huo ni ubwiri unga. Kata majani yaliyoathirika uyatupe mbali na mmea.

Wengi hutuambia, "Linachanua lakini halizai." Maua ya kwanza huwa ni ya kiume tu, yenye kikonyo chembamba. La kike lina kitunda kidogo nyuma yake, utalitambua mara moja. Uswahilini nyuki ni wachache, kwa hiyo asubuhi na mapema, maua yakiwa wazi, chuma ua la kiume, ondoa petali zake, kisha upake chavua yake katikati ya ua la kike. Watoto hupenda sana kazi hii. Kitunda kikishaanza kuvimba kivishe mfuko wa gazeti, inzi wa matunda wasikitoboe. Kwa vidukari tumia maji yenye sabuni kidogo. Dawa za shamba zinazopimwa kwenye chupa za soda tafadhali zisiingie nyumbani kwenu kabisa. Watoto wanaokunywa vitu hivyo tumewapokea, na si wote tuliowarudisha kwa mama zao.

Jambo jingine ni mbu. Pipa la kumwagilia lifunikwe, na tairi lililotupwa uani litobolewe au liondolewe. Dengi iliyotusumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019 huenezwa na mbu anayeuma mchana, anayezaliana katika maji kama hayo.

Kama siku 50 hivi baada ya kupanda utaanza kuchuma. Chuma likiwa na ukubwa wa chungwa, usingoje lifikie kichwa cha mtoto. Ukichuma mara kwa mara, mmea huendelea kuzaa.

Na kabla ya kupika, onja. Kata kipande kidogo kama ukucha, kibichi, kiguse kwa ncha ya ulimi. Likiwa halina ladha kubwa, au lina utamu wa mbali, pika. Likiwa chungu, tema, sukutua, tupa. Onja kila tunda, maana moja laweza kuwa zuri na jingine baya. Kazi hii ni ya mtu mzima, si ya mtoto.

Tusilisifu mumunye kupita kiasi. Sehemu kubwa yake ni maji. Ni laini kwa wazee na kwa mtoto aliyeanza kula baada ya miezi sita, na linamfaa mwenye kisukari kwa kuwa halina wanga mwingi. Lakini halitoshi peke yake. Liambatane na maharage au dagaa, na siku nyingine pikeni majani ya maboga, yenye faida kubwa zaidi kwa macho ya watoto. Mwenye shinikizo la damu apunguze chumvi.

Mtu akishakula chungu kisha akapata maumivu ya tumbo, kutapika au kuharisha, mpe maji ya chumvichumvi, pakiti moja katika lita moja ya maji safi, kidogo kidogo. Usimlazimishe kutapika. Akiharisha damu, akilegea, akizimia, au akiwa mtoto mdogo, mwahi hospitali, na uchukue kipande cha tunda mje nacho. Dawa ya kuua sumu hii hakuna. Tunachofanya ni kurudisha maji mwilini na kumwangalia mgonjwa.

Yule mama alirudi wiki iliyofuata kumpima mdogo uzito. Mmea ameshaung'oa, alisema, ingawa baba watoto alinuna siku nzima, kwa kuwa ulikuwa na matunda saba. Bibi alikuwa anataka kutunza mbegu. Hizo nazo amezichoma moto.