Nakala Inapokwama Njiani: Kutoka Reli ya Kilosa hadi Maghala ya Data

Mwishoni mwa Desemba 2009 mvua kubwa zilinyesha katika nyanda za Mpwapwa na milima ya Kilosa. Mto Mkondoa ukafurika, maji yakaingia mjini Kilosa, na tuta la Reli ya Kati baina ya Kilosa na Gulwe likachukuliwa mahali pengi. Treni za kwenda bara zikasimama kwa miezi kadhaa. Stesheni ya Dar es Salaam ilikuwa nzima, na ya Tabora ilikuwa nzima. Kilichokatika ni njia baina yao.

Twaanza na reli kwa sababu jambo tunalotaka kulieleza halionekani kwa macho. Benki, hospitali na idara za serikali siku hizi huweka kumbukumbu zao katika maghala ya data, yaani makabati yaliyojaa diski zinazotumikia kompyuta nyingi kwa pamoja. Kwa kuwa ghala moja laweza kuungua au kufurikiwa, taasisi yenye busara huweka la pili katika mji wa mbali, na kila kinachoandikwa katika la kwanza hunakiliwa katika la pili. Nakala hiyo ikikwama, kazi za mchana huendelea kama kawaida wala hakuna anayelalamika. Hapo ndipo penye hatari, kwani upungufu wa nakala hujulikana siku ghala la kwanza linapoangamia, na siku hiyo hakuna tena pa kunakili.

Tuseme ghala moja liko Dar es Salaam na la pili liko Mbeya, umbali wa kilomita 830 hivi kwa barabara kuu ipitayo Morogoro na Mikumi. Data husafiri kama mwanga ndani ya nyuzi za kioo. Mwanga ukiwa ndani ya kioo hwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, theluthi mbili tu ya mwendo wake katika ombwe. Kwenda Mbeya na kurudi ni kilomita 1,660, basi huchukua elfu 8.3 za sekunde. Tukiongeza ucheleweshaji wa mitambo iliyo njiani, tuhesabu elfu 10.

Muda huo waonekana mdogo, lakini ndio unaoamua namna ya kunakili. Katika namna ya kwanza, ghala la Dar es Salaam haliiambii kompyuta kuwa kazi imekwisha mpaka Mbeya ijibu kwamba imepokea. Hapo hakuna kinachopotea, ila kila andiko husubiri safari nzima. Katika namna ya pili, Dar es Salaam hukiri mara moja, kisha huweka mabadiliko katika foleni na kuyatuma kwa zamu yake. Kwa masafa marefu namna ya pili ndiyo itumikayo aghalabu. Msomaji akumbuke jambo moja: chochote kilicho katika foleni wakati ghala la Dar es Salaam linapoangamia kimepotea. Muamana uliowekwa na mkulima wa Kilosa dakika ile waweza kuwa ndani ya foleni hiyo.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe. Fundi mgeni huuliza kwanza kama njia imekatika. Swali hilo ni la haki, kwani nyuzi hukatwa na makatapila ya barabara, na hata baharini hazina salama: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na mawasiliano ya intaneti yakazorota Tanzania na nchi za jirani. Lakini njia iliyokatika kabisa hupiga kelele yenyewe. Isumbuayo zaidi ni njia iliyo hai nusu.

Tuseme uzi umekatwa karibu na Mikumi, na mitambo ikaelekeza data kwa njia nyingine iliyo ndefu, hivi kwamba kwenda na kurudi ni elfu 20 za sekunde badala ya 10. Taa zote ni za kijani. Lakini mtumaji haruhusiwi kumwaga data bila kikomo. Hutuma kiasi fulani, kisha hungoja kukiriwa. Katika kanuni za zamani za mtandao kiasi hicho hakizidi baiti 65,535. Kwa safari ya elfu 10 za sekunde huweza kutuma mara 100 kwa sekunde, yaani baiti milioni 6.5. Kwa elfu 20 hutuma mara 50 tu, yaani milioni 3.3, hata kama njia ni pana kiasi gani. Ikiwa ofisi huandika baiti milioni 4 kila sekunde, foleni hukua kwa milioni 0.7 kwa sekunde. Kama nafasi ya foleni ni baiti bilioni 60, itajaa baada ya karibu saa 24. Basi uzi umekatwa Jumatatu asubuhi, na nakala inasimama Jumanne asubuhi! Fundi atazamaye matukio ya Jumanne peke yake atatafuta mchawi asiyekuwapo. Dawa ipo: tangu 1992 kanuni zimeruhusu kiasi kikubwa zaidi, maadam pande zote mbili zikubaliane mwanzoni mwa mazungumzo, na mitambo ya ulinzi iliyo katikati isiyafute makubaliano hayo.

Ugonjwa mwingine hufanana na jambo lililoko Kidatu. Kutoka Kilosa hutoka tawi la reli lipitalo Mikumi hadi Kidatu, lenye upana wa milimita 1,000. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067. Behewa la upande mmoja haliwezi kuendelea upande wa pili. Shehena hushushwa na kupakiwa upya. Data nayo husafiri katika pakiti, na njia za kawaida hupokea pakiti za baiti 1,500, ilhali maghala mengi hupangwa kutuma za baiti 9,000. Mtambo wa katikati ungeweza kuzigawa, lakini mara nyingi pakiti hubeba alama isemayo zisigawanywe. Hapo mtambo huitupa pakiti na kumtaarifu mtumaji. Iwapo taarifa hiyo nayo imezuiliwa na mtambo wa ulinzi, mtumaji hajui lolote. Hurudia pakiti ile ile, nayo hutupwa tena. Fundi akijaribu njia kwa ujumbe mdogo, ujumbe hupita vizuri, kama kiberenge kinavyopita juu ya daraja ambalo haliwezi kubeba treni ya mizigo. Kwa sababu hiyo jaribio lifanywe kwa pakiti zenye ukubwa ule ule wa kazi, tena kutoka pande zote mbili.

Saa za maghala yote mawili zisawazishwe kabla ya kulinganisha daftari za matukio. Tofauti ya dakika tano huweza kuligeuza tokeo kuwa chanzo.

Foleni ikishajaa, ghala huacha kuweka mabadiliko kwa utaratibu na hubaki na ramani tu, ionyeshayo ni vipande vipi vya diski vilivyobadilika. Njia ikirudi, vipande hivyo hutumwa bila kufuata mpangilio wa wakati. Katika muda huo nakala ya Mbeya haifai kitu: nusu ni ya leo, nusu ni ya juzi. Kwa hiyo, kabla ya kuanza usawazishaji, fundi hutunza kwanza picha ya nakala ya zamani iliyo kamili. Kwa maoni yetu hatua hii ndiyo husahauliwa kuliko zote, kwa kuwa kila mtu ana haraka ya kuona taa ya kijani.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi hesabu ya mwisho. Uzi wa Mikumi umeungwa foleni ya baiti bilioni 60 ikiwa karibu kujaa. Njia hubeba tena milioni 6.5 kwa sekunde, lakini ofisi haijaacha kuandika milioni 4. Inayobaki kupunguza foleni ni milioni 2.5 tu, na kazi itachukua sekunde 24,000, yaani saa 6 na dakika 40, iwapo mvua haitanyesha tena.