Programu ya Wateja: Kweli au Si Kweli?

"Ukinunua programu, wateja watarudi."

Si kweli. Programu ya kusimamia wateja, ile ambayo watu wa teknolojia huiita CRM, kazi yake ni kutunza kumbukumbu: nani alinunua nini, lini, alihudumiwa na nani, alilalamikia nini. Duka la vifaa vya ujenzi la Kariakoo lisilopokea simu za wateja leo halitazipokea kesho kwa sababu ya kompyuta. Kabla ya kulipa chochote, mwenye duka aandike swali moja analotaka lijibiwe. Kwa mfano: mafundi waliokuwa wakichukua saruji kila mwezi wameacha tangu lini, na kwa nini?

"Tuingize orodha yote ya zamani, tutaisafisha baadaye."

Si kweli, na hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Chukua namba ya simu tu. Namba ileile ya Tanzania mmoja ataiandika kwa kuanza na 0, mwingine 255, mwingine +255. Mtu akiitazama anaona mteja mmoja. Programu ambayo haikupangwa kuzilinganisha inaona wateja watatu. Ongeza laini mbili za mitandao tofauti. Ongeza fundi ambaye dukani anaitwa Baba Neema, lakini malipo yake ya simu yanaingia kwa jina lililosajiliwa kwenye laini. Matokeo yake mtu mmoja anatumiwa ofa ileile mara tatu, na deni lake limekatika vipande vitatu, kila kimoja kidogo kiasi cha kutomshtua mhasibu. Chagueni mtindo mmoja wa kuandika namba, +255 na tarakimu 9, kisha unganisheni majina yaliyojirudia kabla ya kuhamisha lolote. Kazi hii inachosha, lakini haina njia ya mkato.

"Wauzaji wanaoikataa ni wavivu."

Mara nyingi si kweli. Muuzaji anayeishi kwa kamisheni, majina yaliyo kwenye simu yake ndiyo mtaji wake. Akiambiwa ayaweke yote kwenye mfumo wa kampuni, anajiuliza kama kesho bado atahitajika. Ana haki ya kuuliza. Mwajiri aweke kwa maandishi kwamba kamisheni ya mteja itaendelea kwenda kwa aliyemleta. Kisha apunguze vya kujaza: jina, namba, anachotaka, siku ya kumpigia. Fomu yenye visanduku 20 hujazwa kwa kubahatisha jioni, watu wakiwahi daladala. Na bosi akiendelea kudai ripoti kwa WhatsApp, hakuna atakayeifungua hiyo programu.

"Kampuni kubwa haziwezi kukwama."

Si kweli. Novemba 2003, AT&T Wireless, kampuni ya simu za mkononi ya Marekani, ilikuwa ikiboresha mfumo wake wa wateja uliotengenezwa na Siebel. Mwezi huohuo, kuanzia tarehe 24, Wamarekani waliruhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba. Mfumo uligoma, na wateja wapya kwa maelfu wakashindwa kuunganishwa. Februari 2004 kampuni ilikubali kununuliwa na kampuni nyingine ya simu, Cingular, kwa dola bilioni 41. Mfumo si sababu pekee ya kuuzwa kwake, lakini uliiangusha wakati mbaya kuliko wote. Vivyo hivyo, mwenye duka la nguo asibadili mfumo wiki za kuelekea Idi.

"Namba ya mteja ikishaingia, ni mali yako."

Si kweli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina sheria yake tangu 2019, na faini ya kuivunja inaweza kufika shilingi milioni 5 za huko.

"Biashara ndogo inaweza kuanza bila programu ya kulipia."

Kweli kabisa. Jedwali la Excel lenye safu wima tano linatosha. Wafanyakazi wako wakilijaza kila siku kwa miezi mitatu, nunua programu. Wasipolijaza, usinunue bado.