Nafsi Nayo Yataka Kutunzwa Kila Siku

Mtu akishikwa na homa, nyumba nzima huinuka: huyu ateka maji, yule atafuta nauli ya hospitali. Lakini akishikwa na huzuni isiyokwisha, akakosa usingizi, akawa hana hamu ya chakula wala mazungumzo, huambiwa ajikaze. Pengine watu hunong'ona kwamba apelekwe Mirembe, ile hospitali ya Dodoma ambayo jina lake limegeuzwa kuwa tusi. Ndiyo maana wengi huficha maradhi yao mpaka yakawashinda.

Kwa watu wa Babati jambo hili si la mbali. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliteremsha matope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang mpaka katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Maiti walizikwa na barabara zikasafishwa. Lakini matope ya moyoni hayaondolewi kwa katapila. Aliyefiwa aweza kurudi dukani kwake na bado akashtuka kila mvua ipigapo juu ya bati. Wala si lazima mlima uporomoke: deni, mavuno mabaya, au kuuguza mgonjwa miaka mingi, yote hayo huichosha nafsi.

Wapenzi wasomaji, elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh katika nchi iitwayo leo Afghanistan, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Alifundisha kwamba nafsi huugua kama mwili uuguavyo, na kwamba yampasa mtu ajiwekee akiba ya fikira njema wakati wa utulivu, kama awekavyo dawa nyumbani kabla hajaugua. Alitenga huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile imjiayo mtu pasipo kujua sababu yake, na hii ya pili aliinasibisha na mwili. Basi tusiwe wepesi wa kusema kwamba mwenye huzuni ana upungufu wa imani.

Je, utunzaji huo utadumuje? Wengi wetu huanza kwa nguvu, kisha baada ya juma moja tumekwisha acha. Mwaka 2010 wachunguzi wa University College London walitangaza habari za watu 96 waliochagua kila mmoja tendo moja dogo, wakalifanya kila siku baada ya jambo walilokwisha lizoea, kama vile chakula cha asubuhi. Ilichukua kadiri ya siku 66 tendo lile kuwa mazoea; kwa wengine siku 18 tu, na kwa wengine ilikadiriwa siku 254. Tena ilionekana kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi.

Mafunzo ni mawili: tendo liwe dogo, na lifungwe kwenye jambo la zamani, kama mbuzi afungwavyo kwenye mti wenye mizizi. Na sisi tunayo miti mitano kila siku, nazo ni swala zetu. Baada ya Alfajiri, simu isishikwe kwanza. Jua likichomoza, mtu atembee robo saa akiutazama Mlima Kwaraa. Wakaao karibu na Ziwa Babati wangoje kupambazuke vema, maana viboko hutoka usiku kula majani. Baada ya Alasiri, mtu amwulize mwenzake hali yake, kisha anyamaze amsikilize. Baada ya Isha, simu iwekwe mbali na kitanda, na saa ya kulala iwe ile ile. Aanze na moja tu kati ya haya. Likishika, aongeze la pili.

Twawakumbusha waume pia: mama wa nyumba huamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Robo saa yake haitapatikana mpaka baba amshike mtoto au achochee moto. Hiyo ni haki yake, wala si hisani.

Lakini mazoea mema si badala ya tabibu. Huzuni au wasiwasi ukidumu majuma mawili na kumzuia mtu kazi yake, aende hospitali; hapa Babati ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara. Dua na dawa havigombani. Na mtu akisema hataki tena kuishi, asikemewe wala asiachwe peke yake, bali apelekwe siku ile ile.

Mwenyezi Mungu azipe nyumba zetu afya ya miili na utulivu wa nafsi. Amin.