Zima Kwanza, Paka Baadaye: Soketi, Swichi na Taa Kabla ya Kupaka Ukuta

Kwa wakaaji wote wa kambi, hasa wale wanaofanya kibarua cha kupaka nyumba na wale wanaopanga chumba chenye umeme nje ya kambi.



Wengi wenu mliotoka Bukavu mnaujua umeme wa mto Ruzizi. Mto huo unatoka Ziwa Kivu, unapita Mururu kati ya Rwanda na Kongo, na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika. Bwawa la kwanza lilijengwa mwisho wa miaka ya 1950. Kituo cha pili, ambacho ni cha ushirika wa Rwanda, Burundi na Kongo, kilianza kazi mwaka 1989. Maji yanayozungusha mitambo hiyo kila mtu anayaogopa. Lakini nguvu hiyo hiyo ikifika ukutani kwa volti 230, haina sauti wala harufu, na watu huisahau.

Kazi ya kupaka chokaa au rangi inaonekana nyepesi. Hatari yake ni kwamba mtu anashika brashi iliyolowa, amesimama juu ya sakafu yenye maji, na mbele yake kuna soketi (wengine tunaiita prizi). Maji ya chokaa hupitisha umeme vizuri. Balbu ya kawaida ya wati 60 inatumia miliampea kama 260. Miliampea 30 tu zikipita kifuani zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa hiyo umeme unaowasha balbu moja unatosha kabisa kuua mtu.

KABLA YA KUANZA

1. Omba ruhusa ya mwenye nyumba. Nyaya ni zake, na yeye ndiye anayejua zimepita wapi.

2. Fanya kazi mchana. Umeme ukizimwa, utahitaji mwanga wa dirisha.

3. Usiguse mita wala waya unaoingia kutoka kwenye nguzo. Hiyo ni mali ya kampuni ya umeme na imefungwa kwa lakiri. Hata swichi kuu ikizimwa, waya huo bado una umeme.

KUZIMA UMEME

Zima swichi kuu ya nyumba (ile ambayo wengi huiita disjonta). Kama kuna fyuzi, zitoe na uziweke mfukoni mwako. Bandika karatasi yenye maneno haya: USIWASHE, MTU YUKO KAZINI. Waambie wote waliomo nyumbani, na watoto pia.

Mambo manne huwadanganya watu:

Kwanza, kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Katika nyumba nyingi fundi aliunganisha swichi kwenye waya usio sahihi. Taa inazimika, lakini holda ya balbu bado ina umeme.

Pili, yuniti za mita ya kulipia kabla zikiisha, hiyo si kuzima. Mtu anaweza kununua yuniti na kuziingiza wakati wewe uko juu ya ngazi.

Tatu, nyumba nyingine zina waya wa pili uliovutwa kwa jirani, au jenereta, au sola yenye betri. Uliza na utafute. Kila chanzo kizimwe peke yake.

Nne, kukatika kwa umeme mtaani si ruhusa ya kuanza kazi. Unaweza kurudi bila kukuonya.

HAKIKISHA

Kabla ya kuzima, chomeka taa unayojua kwamba inawaka katika kila soketi. Ukizima swichi kuu, lazima taa izimike. Kisha tumia bisibisi ya kupimia, yaani testa. Kwanza ijaribu mahali penye umeme, kwa mfano kwenye soketi ya jirani, ili ujue kwamba ni nzima. Halafu pima kila tundu la soketi. Ukishafungua kifuniko, pima tena kwenye kila skrubu iliyoshika waya kabla kidole chako hakijafika hapo. Testa ikitoa mwanga, hata hafifu, acha kazi na umwite fundi umeme. Ukimaliza kupima, irudie kwa jirani kuona kama bado inafanya kazi. Testa iliyokufa haitoi mwanga mahali popote.

KUFUNGUA

Njia salama kwa asiye fundi ni kulegeza tu, bila kukata wala kuchomoa waya.

1. Balbu ikishapoa, itoe. Kama holda ina kikombe, kifungue polepole.

2. Legeza skrubu mbili za kifuniko cha soketi au swichi. Kama rangi ya zamani imeshikana na kifuniko, pitisha kisu ukingoni kwanza ili plasta isibomoke.

3. Vuta kifuniko mbele kidogo, upana wa vidole viwili. Usivute kwa nguvu. Waya wa zamani hukatikia ndani ya ukuta, na hapo gharama ni kubwa.

4. Tazama ndani. Ukiona waya ulioungua, plastiki iliyopasuka, shaba iliyo wazi au alama za maji, usiendelee. Mwite fundi. Usiamini rangi za nyaya peke yake. Kijani na njano pamoja huwa ni waya wa ardhi, lakini aliyejenga anaweza kuwa alitumia waya wowote aliokuwa nao.

5. Funika kifaa chote kwa mfuko mkavu wa plastiki na ufunge kwa utepe. Weka skrubu ndani ya kopo moja.

Kama ni lazima kifaa kitoke kabisa, iwe kazi ya fundi. Yeye ataandika kila waya ulikuwa wapi na kufunga kila ncha kwa konekta.

KUPAKA NA KURUDISHA

Karibu na soketi tumia brashi ndogo isiyochuruzika. Usirushe chokaa kwa ufagio. Swichi kuu ibaki imezimwa mpaka ukuta ukauke, hata kama ni kesho yake. Wakati wa mvua, chokaa hukawia kukauka.

Ukirudisha, hakikisha hakuna waya uliobanwa na kifuniko wala shaba inayoonekana. Kaza skrubu zote. Ondoa karatasi ya onyo mwisho kabisa, kisha washa. Ukisikia mlio, ukaona cheche au kunusa harufu ya kuungua, zima mara moja.

MTU AKISHIKWA NA UMEME

Usimguse. Zima swichi kuu. Kama huwezi, simama juu ya kitu kikavu na umsukume kwa mti mkavu. Usimmwagie maji na usimfukie udongo. Huo ni wakati unaopotea. Kama hapumui, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua na ukandamize kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, mpaka msaada ufike. Mtu mwingine apige simu 912, namba ya gari la wagonjwa hapa Rwanda. Hata akiamka na kusema yuko sawa, apelekwe kituo cha afya, kwa sababu moyo unaweza kusumbuka baadaye.

NENO KWA WANAOFANYA KIBARUA

Ndugu, tunajua hali. Mwenye kazi anaweza kukuambia, «Paka tu, friji yangu isizimwe». Unaogopa kwamba ukikataa, atamchukua mwingine aliyesimama barabarani. Mwambie kwa adabu: «Bwana, nizimie saa tatu tu, nitamaliza ukuta wenye soketi kwanza.» Friji ikibaki imefungwa, chakula hakiharibiki kwa saa tatu. Mwenye akili atakubali. Asipokubali, paka kuta zisizo na umeme na uache huo. Na wewe unayesimama barabarani, usiichukue kazi ambayo mwenzako ameikataa kwa sababu hiyo. Tukisema neno moja sote, watazima.

Ujira wa siku moja utapatikana tena. Baba au mama wa watoto hapatikani tena.

Ukishasoma, msomee jirani asiyejua kusoma, kisha mpe karatasi hii mtu mwingine.