Si kila bega "limeteguka": ujue mtulinga uliovunjika

Ukitoka Mombasa kwa basi kwenda Nairobi, kuanzia Mtito Andei hadi Emali uko Makueni, na kila kituo kina bodaboda zinazongoja abiria. Ukiingia ndani, Wote au hata Kitui, bodaboda ndiyo gari, na miembe ndiyo shamba. Anayeanguka kutoka kwa pikipiki au mwembe aghalabu hutua kwa bega. Waliopo husema, "Ameteguka, aitwe wa kumkanda." Na kwetu Pwani ni maneno hayo hayo.

Mtulinga ni ule mfupa mwembamba unaoupapasa chini ya shingo, kutoka kidarini hadi begani. Ndio unaolizuia bega lisiangukie kifuani. Ukitua kwa bega, kishindo hupitia hapo, na mara nyingi mfupa hukatika katikati.

Mtazame kabla ya kumgusa. Aliyevunjika mtulinga huushikilia mkono ulioumia kwa ule mzima, akiubana kifuani. Bega limeshuka na kuja mbele. Juu ya mfupa pamevimba au pana kinundu. Akijaribu kuinua mkono huenda akahisi mifupa ikisagana. Bega lililoteguka huwa jingine: mtulinga mara nyingi uko sawa, ila bega lenyewe limepoteza uviringo wake. Picha ya eksirei ndiyo hukata shauri.

Kumkanda au kumvuta ni hatari, kwani nyuma ya mfupa huo imepita mishipa mikubwa ya damu na neva za mkono, na pafu liko karibu. Chukua kanga, ikunje pembetatu, uuning'inize mkono, kisha mpeleke hospitali. Ikipatikana gari, msimpakie tena bodaboda kwenye barabara ya mashimo! Vidole vikifa ganzi au kuwa baridi, pumzi ikimtatiza, au mfupa ukitoboa ngozi, msingoje kupambazuke.

Wengi hawahitaji kupasuliwa. Mkono huning'inizwa, hupewa dawa ya maumivu, na mfupa hujiunga: mtoto yapata wiki 3 hadi 6, mtu mzima 6 hadi 12. Vidole na kiwiko vichezeshwe kila siku visikakamae. Kinundu kikibaki baada ya kupona, usishtuke. Mara nyingi ni alama ya pale mfupa ulipojiunga. Kreti la maembe lingoje mpaka daktari aseme.