Mazungumzo Yanayoanzia Machoni

Mtoto anayesikia huchezea gari lake huku mama akimwambia, "Gari hilo linakimbia!" Macho yako kwenye gari, masikio kwa mama, na jina hukutana na kitu papo hapo. Mtoto kiziwi hana njia mbili. Macho yanayotazama gari ndiyo hayohayo yanayopokea maneno. Akitazama kimoja, kingine kinampita.

Mama ambaye naye ni kiziwi hulijua hilo bila kufundishwa. Husubiri mtoto ainue uso ndipo amwambie neno, au husogeza mkono hadi lilipo gari na kuifanya ishara hapo. Pengine huifanya juu ya mwili wa mtoto. Akitaka kumwita, humgusa au hupunga mkono mbele yake. Ishara zake ni kubwa, za polepole, za kurudiarudia, sawa na sauti ile ya kudekeza watoto, ila imehamia mikononi. Nyusi nazo zina kisa chake. Katika Lugha ya Alama ya Marekani, swali la "nini" au "wapi" huulizwa kwa kukunja nyusi, na kwa mtoto mchanga uso huo ni wa hasira. Basi akina mama wengi huziacha nyusi zitulie hadi mtoto akaribie miaka 2, hata kama sarufi inaharibika.

Lakini zaidi ya watoto viziwi 9 katika kila 10 huzaliwa na wazazi wanaosikia. Mama wa namna hii, kwa mazoea, huongea mtoto akiwa amempa mgongo. Pole kwa pole mazungumzo hubaki ya amri: njoo, acha, kula. Palipokosekana lugha, mtoto hujibunia ishara za nyumbani. Susan Goldin-Meadow, aliyewachunguza watoto kama hao Marekani, aliona kwamba waliziunganisha kwa mpangilio zaidi kuliko mama zao. Hata hivyo, ishara hizo hazivuki kizingiti cha mlango. Jirani hazijui, wala mwalimu.

Lugha kamili ipo: Tanzania ina lugha yake ya alama, na ya Kenya imo katika Katiba ya 2010. Wala mama halazimiki kuimudu kwanza ndipo aanze kuitumia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2021 ulikuta kuwa watoto viziwi wa wazazi wanaosikia, walioanza kuonyeshwa lugha ya alama kabla ya kutimiza miezi 6, walikuwa na msamiati unaolingana na umri wao.