Fahamu: Dawa za magugu, msongamano na ukuaji wa salamanda

Salamanda ni amfibia mwenye mkia. Hapatikani Oman; katika nchi hiyo amfibia ni vyura tu. Kiluwiluwi wa salamanda hupumua kwa matamvua, na ngozi yake laini hupenyeza kemikali zilizomo majini.

Atrazini, dawa ya kuua magugu ya mashamba ya mahindi, husombwa na mvua hadi vijitoni. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 ulifuatilia salamanda wa aina ya Ambystoma barbouri waliokulia katika maji yenye dawa hiyo. Vifo viliendelea kuwa vingi miezi mingi baada ya kuondolewa humo.

Msongamano wa viluwiluwi huvuruga hesabu ya madhara ya dawa hiyo. Viluwiluwi wengi katika dimbwi moja hugombea chakula na kudumaa. Sumu ikiua baadhi, waliobaki hushiba na kunenepa. Anayepima miili tu atadhani dawa haidhuru. Katika utafiti huo, nafasi iliyoachwa na waliokufa ilipunguza hasara bila kuifuta.

Huko Oman msongamano huletwa na jua: dimbwi la wadi (bonde lenye maji ya msimu) likikauka, viluwiluwi wa chura hubanana, na anayechelewa kukua hufa kabla ya kufika nchi kavu.